Mluzi wa Dunlin

Julai, kwenye pwani ya Norwei, ni mwezi wa laana kwa watu wa nyambizi. Usiku wenyewe ni wa kuazimwa. Unaingia shingo upande, unakaa saa tatu, unaondoka. Katika hizo saa tatu ndipo mpande juu ya maji, mchaji betri, mvute hewa ya Mungu na kutupa takataka za jana. Muda wote uliobaki mko chini, mmepangwa kama viazi guniani, mnavuta pumzi ambayo mwenzenu keshaitumia. Mwaka ule wa 1940, wanaume thelathini na tisa wa nyambizi ya Kiingereza iliyoitwa Sanderling waliishi hivyo siku kumi na moja mfululizo. Kufikia saa nne za asubuhi kiberiti kilikuwa hakishiki tena ndani ya chombo, na mwenye kichwa cha kuuma alikuwa keshaumwa.

Percy Milburn hakuwa mvutaji, kwa hiyo habari ya kiberiti haikumhusu. Kazi yake ilikuwa kusikia. Alikaa kwenye kijichumba kisichozidi choo cha bomani, hedifoni masikioni, mkono kwenye gurudumu dogo lililogeuza masikio ya chuma yaliyokuwa chini ya tumbo la chombo. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mtu wa bandari ya Blyth, mwembamba, mpole, na mle ndani hakuna aliyemwita Percy. Walimwita Sikio.

"Vipi, Sikio?" Jessop alimletea chai, nzito, yenye maziwa ya kopo yaliyoganda juu kama utando. Jessop alikuwa mkuu wa topido, Mskoti wa makamo mwenye ndevu za kutisha, na wote walimwita mzee. "Umewasikia malaika leo?"

"Nimewasikia samaki, mzee. Wanakusengenya. Wanasema yule mwenye ndevu ananuka mpaka huku nje."

"Waambie waje karibu wanuse vizuri. Nina sufuria tupu."

Percy akacheka, akarudi kwenye gurudumu lake. Siku nne zilikuwa zimepita bila kuonekana jua wala nyota. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya bahari kama mgeni asiyejua kuaga. Na bila jua wala nyota, mwelekezaji wa chombo, kijana mmoja aitwaye Luteni Ormsby, alikuwa akikisia tu: mwendo kiasi hiki, mkondo kiasi kile, basi tutakuwa hapa. Aliweka alama ya penseli kwenye ramani kila saa kwa mkono usiotetemeka. Percy aliiona ile penseli na hakuiamini.

Sababu ya kutoiamini ni hii. Kila nyambizi ya Kiingereza ilikatiwa kipande chake cha bahari, nao mabaharia walikiita shamba. Amri ilikuwa fupi: kaa ndani ya shamba lako, na nyambizi yoyote utakayoikuta humo ni adui, ipige. Hakuna kuulizana hodi. Amri nzuri, ilimradi kila mtu anajua mpaka uko wapi. Lakini tangu Septemba ya mwaka uliopita, mwezi wa kwanza wa vita, ulikuwepo mnong'ono kwenye vilabu vya bandarini ambao maofisa hawakutaka kuusikia: kwamba nyambizi yetu moja ilipotea njia kidogo tu, maili chache, ikaingia shamba la jirani, na jirani akatii amri.

Na jirani wa Sanderling, upande wa kusini, alikuwa Dunlin.

Percy alifanya kazi kwenye Dunlin miezi kumi na minane kabla ya kuhamishwa. Alipoondoka, kiti chake na hedifoni zake alivirithi Clifford Tait, mdogo wake Edna, na Edna ni mke wa Percy. Wazazi wao walikufa kwa homa mwaka mmoja, Cliff akiwa na miaka sita, na Edna ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamshonea suruali, akampiga makofi alipostahili. Cliff asingeingia kwenye nyambizi hata kwa kuburutwa kama si hadithi za shemeji yake mezani siku za Jumapili. Edna hakumlaumu mumewe kwa sauti. Alimwambia neno moja tu kituoni, akimfunga kifungo cha koti: "Mimi ninaye yeye peke yake, Percy. Mnirudishie." Hilo ndilo alilokuwa nalo Percy kifuani kila alipovaa hedifoni.

Saa nne na dakika ishirini alisikia dizeli.

"Afande! Injini, nyuzi mia tatu na kumi. Iko juu ya maji. Inakuja."

Nahodha Ravenhill alikuwa amelala kwenye kochi lake la futi tano na viatu miguuni. Kabla ya sentensi kwisha alikuwa ameshasimama kwenye periskopu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya karani wa posta, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. "Simamisha mota zote," alisema. "Mwacheni Sikio asikie."

Chombo kikanyamaza. Watu walisimama walipokuwa, mmoja na kijiko mdomoni.

"Pangaboi mbili," alisema Percy. "Mizunguko mia mbili na tisini kwa dakika. Na..."

"Na nini?"

"Na mluzi, Afande. Pangaboi moja inapiga mluzi."

Periskopu ilipanda. Ravenhill aliikumbatia, akazunguka nayo taratibu, akasimama. "Ukungu. Ukungu. Haya, ngoja... Nyambizi. Iko juu, ina kama yadi elfu mbili na mia tano. Naona mnara wake tu. Bendera hakuna." Akashusha periskopu. "Tayarisheni topido nne. Ormsby, tuko shambani kwetu?"

"Tumo, Afande. Kwa hesabu zangu tuko maili nane au tisa ndani."

"Una hakika?"

"Kwa hesabu, Afande. Siku nne sijaona jua."

"Sikuuliza hesabu. Nimeuliza hakika."

Ormsby aliitazama penseli yake.

Kutoka mbele ilisikika sauti ya Jessop kwenye bomba la kuzungumzia, ina furaha ya mtu aliyengoja siku kumi na moja: "Topido nne tayari, milango wazi! Semeni tu neno!"

Percy alifumba macho. Pangaboi ya kushoto ya Dunlin ilipigwa busu na gati la Blyth miaka miwili nyuma, ncha ya jani moja ikapinda, na tangu siku hiyo ilipiga mluzi mara moja kila mzunguko, kama mzee anayepumua kwa pengo la jino. Mafundi waliikagua, wakasema haina neno. Percy aliusikia mluzi ule miezi kumi na minane. Aliusikia hata nyumbani, birika likichemka. Na sasa ulikuwa masikioni mwake: fyuu, fyuu, fyuu, mara moja kila mzunguko.

Je, ulikuwa ule ule? Huu ulikuwa mzito kidogo. Una mkia, mvumo unaoburuta nyuma ya kila pigo. Lakini maji ya baridi hubadilisha sauti, na ukungu, na umbali, na kichwa cha mtu ambaye hajapata hewa tangu usiku wa manane. Aligeuza gurudumu huku na huku. Alisikiliza kwa nguvu mpaka akawa anasikia damu yake mwenyewe.

"Milburn." Nahodha alikuwa amesimama mlangoni mwa kijichumba, saa ya kuhesabia sekunde mkononi. "Nina dakika moja na nusu, halafu atakuwa amenipita. Ni nani huyo?"

"Mluzi wa Dunlin, Afande."

"Dunlin yuko shambani kwake. Anapaswa."

"Huenda ni sisi tuliomwingilia. Kama mkondo umetusukuma kusini..."

"Huenda." Ravenhill aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Percy. "Sikiliza. Huyu nikimwachia na ni Mjerumani, kesho atazamisha meli yenye watu mia nne. Nikimpiga na ni Dunlin, unajua mwenyewe. Mimi sioni, Ormsby hajui. Aliyebaki ni wewe. Utaapa?"

Hakuwa na hakika. Hilo ndilo jambo lenyewe, nami sitalifunika blanketi. Kama mtu angempa muda na glasi ya maji, Percy Milburn angesema: Afande, sita kwa kumi, labda saba. Alikuwa fundi mwaminifu, na katika miaka yake yote hakuwahi kutia chumvi kwenye taarifa. Lakini aliuona mkono wa Edna kwenye kifungo cha koti, na saba kwa kumi ikavimba mdomoni mwake ikawa kumi.

"Naapa, Afande. Ni Dunlin."

Ravenhill alisimamisha saa yake. Kisha akageuka. "Fungeni milango ya topido."

"Nini?" Bomba la kuzungumzia lilifoka. "Afande, yuko mdomoni! Hata bibi yangu angempiga akiwa amefumba macho!"

"Nimesema funga, Jessop."

Dizeli zilipita mbele yao, zikaenda zikififia upande wa kusini. Baadaye kidogo zikazimwa, ikasikika povu la matangi yakijaa maji, halafu sauti nyembamba ya mota za umeme. Yule mgeni alikuwa amezama chini, na Percy hakumsikia tena.

Mchana walikula nyama ya kopo na mkate wenye ukungu wa kijani pembeni. Jessop alikuja akiwa amenuna, akaegemea mlango. Lakini hakuwa mtu wa kununa muda mrefu.

"Sasa wewe Sikio, mkeo akijaliwa mtoto, ataitwa Jessop. Maana kidole changu kilikuwa hapa." Akaonyesha nafasi ya unywele. "Shemeji yako angefika kwa Mungu na kijiko cha uji mkononi."

"Nisamehe, mzee. Nimekunyang'anya sherehe."

"Aa, potelea mbali. Wajerumani wapo wengi, hawatakwisha kesho. Ila huyo shemeji nikimkuta Blyth, ninunuliwe bia mpaka nisahau jina."

"Utanunuliwa," alisema Percy. Akajaribu kutabasamu, lakini ule mkia wa mluzi ulikuwa bado unamtembea kichwani. Aliuweka kando. Ukarudi. Akamega mkate na hakuula.

Saa nane na robo ukungu ulipasuka. Haukuondoka, ulipasuka tu upande wa mashariki kwa dakika kumi, na Ravenhill kwenye periskopu akasema kwa haraka, "Ormsby, andika. Mnara wa taa, nyuzi sabini na nane. Mlima wenye vichwa viwili, nyuzi mia moja na nne." Ormsby akaandika, akachora mistari miwili kwenye ramani, akatazama ilipokutana. Akaifuta. Akaichora upya. Watu waliokuwa karibu waliacha kuzungumza bila kuambiwa.

"Haya, kijana," alisema nahodha.

"Hesabu zilikuwa sawa, Afande. Tumo shambani kwetu. Maili tisa kutoka mpakani."

"Kwa hiyo asubuhi Dunlin alikuwa amepotea maili tisa."

"Ndiyo, Afande. Au..."

Akaiweka penseli chini.

Ravenhill alitembea hatua nne mpaka kwenye kijichumba cha Percy, akavuta pazia nyuma yake. Hapakuwa na nafasi ya watu wawili, magoti yao yaligusana.

"Mwelekezaji wa Dunlin ni mtu wa namna gani?"

"Mzuri, Afande. Ni mzuri sana."

"Anaweza kupotea maili tisa?"

Percy aliligeuza gurudumu, akalirudisha lilipokuwa.

"Milburn, sikugombi. Mluzi uliusikia, najua. Nakuuliza kama ulikuwa wake."

"Ulikuwa na mkia, Afande." Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyevunja kitu. "Niliusikia ule mkia tangu mwanzo. Nikasema ni maji. Sijui, Afande. Sikujua hata asubuhi."

Alingoja matusi na akayatamani. Ravenhill hakutukana. Uso wake tu ulizeeka, pale pale, kama wa mtu aliyesomewa barua. "Basi tunaye Mjerumani anayekwenda kusini," alisema, "na kusini yupo Dunlin, ambaye hajui."

Walimfuata. Chini ya maji, kwa betri, mwendo wao haukuzidi wa mtu anayetembea na mzigo, na kila saa moja Ravenhill aliamuru mota zizimwe ili Percy asikilize. Hakuna kitu. Tena, hakuna kitu. Hewa ilizidi kuwa nzito, watu walihema midomo wazi, na mpishi alitapika ndani ya ndoo bila kumwomba mtu radhi. Sindano ya betri ilishuka chini ya nusu. Mwenda tezi na omo marejeo ngamani, lakini siku ile hakuna aliyekuwa na hakika ya marejeo.

Saa kumi na mbili jioni Ormsby alisema, "Mpaka, Afande." Huko nje bado kulikuwa kweupe kama saa tisa.

"Zimeni mota."

Percy aligeuza gurudumu. Nyuzi mia na arobaini. Mia na hamsini. Mia na sitini na tano. Akasimama.

Ulikuja wenyewe, mwepesi, safi, hauna mkia wala kitu: fyuu, fyuu, fyuu. Kama sauti ya mtu wa nyumbani anayeita kutoka ukumbini. Alishangaa aliwezaje kuufananisha na kitu kingine. Hata kiziwi angejua. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta kwa sababu mkono mmoja ulikuwa kwenye gurudumu na mwingine umeshika hedifoni.

"Dunlin, Afande. Nyuzi mia na sitini na tano. Dizeli. Yuko juu ya maji, kama maili tano."

"Juu? Saa hizi?" Ravenhill alishangaa, kisha akaguna. "Betri zake zimekwisha. Amechungulia, ameona ukungu, akaona heri apande. Ningefanya hivyo hivyo. Na yule mwingine?"

Percy alitafuta. Ilimchukua dakika tatu. Alimpata kwa taabu, mota za umeme taratibu sana, na ndani yake, mzito na wenye mkia, ule mluzi wa asubuhi.

"Mia na themanini na mbili. Yuko chini, nyuma ya Dunlin. Anamnyemelea."

"Anaweza kumfikia?"

"Hawezi, Afande. Dunlin anakwenda mara tatu ya mwendo wake. Akiendelea hivi hivi, nusu saa ijayo atakuwa amemwacha. Lakini akigeuka tu, au akirudi alikotoka, kama wafanyavyo wakichaji..."

Kila mtu mle alijua wafanyavyo. Nyambizi ikichaji betri huenda huku na kurudi, huku na kurudi, kama mlinzi mbele ya lango. Maili tano zilikuwa mbali mno kwa topido, na walio mbele yao walikuwa wawili, mmoja wao ndugu. Palikuwa na njia moja tu. Chini ya tumbo la Sanderling palikuwa na chombo cha kupigia mlio majini, nukta na vistari, na kila siku nyambizi zetu zilikuwa na herufi za kuitana na herufi za kujibu. Kanuni ilisema: mwito kwanza, jibu, kisha ujumbe. Bila jibu hakuna ujumbe, maana anayepokea huenda si mwenzako.

"Afande, nimwite," alisema Percy.

"Mjerumani naye ana masikio."

"Asikie! Akisikia si atajua tupo, aogope? Afande, nakuomba. Mimi ndiye niliyemwachia. Cliff akijua tu, atazama au atakimbia, basi. Neno moja tu."

Ravenhill aliitazama sindano ya betri. Alikuwa na watu thelathini na tisa, betri iliyokaribia kufa, na adui ambaye angejua walipo. Wote waliomzunguka walimtazama, na hakuna hata mmoja aliyetikisa kichwa.

"Mwite."

Percy aliweka kidole kwenye kitufe. Mlio ulitoka, mkali, ukaenda majini. Alingoja. Fyuu, fyuu, fyuu. Dizeli ziliunguruma vile vile. Akapiga tena. Fyuu, fyuu. "Sikio la kufa," alinong'ona Jessop, ambaye alikuwa ameacha topido zake na kuja kusimama nyuma, kisha akajiuma mdomo kwa kuona alilotaka kusema.

Akapiga mara ya tatu, taratibu, kila herufi peke yake, kama mtu anayemwamsha mtoto.

Dizeli zikazimika.

"Amesikia!" Percy alipiga ukuta kwa ngumi. "Afande, amesikia! Amezima injini!"

Chumba kizima kililipuka kwa minong'ono, maana kupiga kelele kulikuwa kumekatazwa. Jessop alimkumbatia mpishi na ndoo yake. Hata Ormsby alicheka, akitikisa penseli hewani.

Kicheko hakijakwisha, Percy akaelewa. Injini za dizeli zinapounguruma hakuna asikiaye vizuri. Mwenye hedifoni akipata mlio wa mbali, wa kuhisi tu, humwomba nahodha wake asimamishe kila kitu ili ausikie sawasawa. Sanderling ilikuwa imefanya hivyo hivyo siku nzima. Dunlin haikuwa inakimbia. Ilikuwa imesimama juu ya maji, wazi, kimya, imetega sikio, inamngoja yeye.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana. Nenda. Cliff, nenda!"

Akaitupa kanuni. Alianza kupiga ujumbe bila kungoja jibu, herufi ya kwanza ya neno la hatari. Lakini kwa wakati ule ule Dunlin nayo ilianza kujibu, na milio miwili ikagongana majini, ikafutana. Aliinua kidole ili mwenzake amalize. Alikuwa Cliff mwenyewe. Kistari chake kilivutwa kupita kiasi, kama kawaida yake. Herufi ya kwanza ikaja, sahihi. Ya pili ikaja.

Kutoka nyuzi mia na themanini na mbili ule mluzi mzito ulikoma. Mahali pake palitokea sauti nyingine, nyembamba, ya haraka sana, halafu nyingine, halafu ya tatu.

"Topido," alisema Percy. "Tatu. Zinakwenda kwake."

"Mwambie!" alisema Ravenhill.

Alimwambia. Alipiga kitufe mpaka ukucha ukapasuka. Alisikia dizeli za Dunlin zikikohoa mara moja, zikishika, na mluzi mwepesi ukianza tena, fyuu, na kabla ya wa pili ukaja mshindo uliomtupa nyuma. Hakuna aliyehitaji hedifoni kuusikia. Taa ziliyumba, na unga wa rangi ukadondoka kutoka darini.

Hakuvua hedifoni. Jessop alijaribu kumvua, akausukuma mkono wake. Alisikia maji yakiingia. Alisikia kuta za vyumba zikipasuka moja baada ya nyingine, za mbele kwanza, halafu za kati ambako kilikuwapo kile kijichumba na kile kiti. Alivijua vyote kwa majina. Baadaye pakabaki povu, na povu nalo likaisha.

"Adui?" aliuliza Ravenhill.

"Amekwenda kusini. Simsikii tena."

Nahodha alikaa kwenye sakafu ya chuma, mgongo kwenye mlango, daftari la kumbukumbu za chombo juu ya goti. Aliandika saa. Aliandika mahali. Kisha kalamu ikasimama.

"Nitaandika kwamba nilitoa amri ya kumwita," alisema. "Na ya asubuhi, niliitoa mimi. Umenisikia? Wewe hukuamua kitu."

"Ndiyo, Afande."

"Lakini sielewi. Milio mitatu ya mbali, na dizeli mbili zinaunguruma chini ya miguu yake. Nusu ya watu ninaowajua wasingesikia kitu, wangeendelea na safari yao, wangekuwa hai. Yeye alisikia, akamshawishi nahodha wake asimame katikati ya bahari mchana kweupe." Ravenhill alitikisa kichwa. "Nani aliyemfundisha kijana yule kusikia namna hiyo?"

Percy alizivua hedifoni, akaziweka mezani kwa uangalifu, waya umekunjwa vizuri.

"Mimi, Afande," alisema. "Nyumbani, jikoni kwa dada yake."

Nahodha aliandika mstari mmoja, akafunga daftari, na akaamuru chombo kigeuzwe kaskazini.